Sahihi Haikuwa Yangu

Mwanangu Zaitun,

Mola akupe amani mahali popote utakapokuwa umeketi ukiisoma karatasi hii. Nimefunga duka tangu adhuhuri. Wewe na mama mdogo Khadija mmekwenda kisiwani Koyama kumuaga bibi yako na kumzuru mamako kaburini, na boti haitarudi kabla jua halijapoa. Sikualikwa, wala sikuuliza kwa nini. Nimeketi hapa penye cherehani, nimezisukuma kando sare za shule ambazo wenyewe watazijia Jumamosi, na tangu nikae hakuna aliyebisha hodi.

Kesho saa kama hizi utakuwa Nairobi. Mambo ya sweta, ya pasipoti na ya namba za simu Khadija anayo kichwani, na mengine ameyaandika. Hapo sina la kuongeza. Nina mengine, na nimeamua kuyaandika kwa sababu nikisema nawe uso kwa uso nageuza maneno. Unanijua. Naanza na la kweli, nikiona uso wako unabadilika nalipunguza hapa, nalikunja pale, mpaka linakukaa vizuri kama gauni. Likishakukaa vizuri si la kweli tena.

Mwezi uliopita uliniambia unakwenda Nairobi na Khadija kwenye harusi ya binti wa rafiki yake. Nilifurahi. Nikakushonea dera la rangi ya kahawa ya maziwa, nikakesha nalo siku mbili kwa sababu ya ile nakshi ya shingoni. Uliporudi uliweka mkoba chini, ukaketi, ukangoja nimalize kula.

“Baba, hakukuwa na harusi.”

Nikadhani mambo ya bwana harusi yameharibika. Nikacheka hata, Mungu anisamehe.

“Nina uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Wameukata kipande wakaupima. Ni saratani.”

Nilivyokuuliza swali la kwanza ndivyo nilivyo mimi mzima. Sikuuliza kama unaumwa. Nilikuuliza, “Nani ameshajua?”

“Mimi,” ukasema. “Mimi kwanza. Halafu mama mdogo. Sasa wewe.”

Kisha ukanieleza habari za utafiti, polepole, kama unavyowafundisha wanafunzi wako hesabu. Kwamba kuna dawa mpya wanayoichunguza. Wanaokubali wanagawanywa makundi mawili, wote wanapata matibabu ya kawaida, na kundi moja linaongezewa ile mpya. Anayegawa ni kompyuta, wewe huchagui na daktari hachagui. Nikakuuliza kama hiyo dawa itakuponya.

“Hawajasema hivyo, Baba. Wangekuwa wanajua, wasingefanya utafiti.”

“Basi wewe unakubali nini?”

“Nimesoma, nimeuliza, nimefikiri. Nikichoka naweza kujitoa. Sahihi nitatia mwenyewe.” Ukaangalia meza. “Na nakuomba kitu kimoja. Nairobi usije.”

“Mimi ni babako, Zaitun.”

“Ndiyo maana. Ukija utazungumza na madaktari nje ya mlango, na mimi nitakuwa nimekaa ndani nikingoja kuuona uso wako ukirudi.”

Nilikusanya sahani nikaenda kuziosha, na nilizisugua zikiwa zimeshatakata.

Najua Khadija alikusimulia niliyomficha mamako. Alikusimulia siku za matanga ya mamako, ukiwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo hukuniuliza neno. Mara nyingi nimekuona ukinitazama nikipiga pasi, nikajua unataka kuuliza, nami nikawasha redio. Miaka kumi na mitatu nimewasha redio. Kwa hiyo kisa hiki unacho, lakini huna kutoka kwangu. Leo nataka uwe nacho kutoka kwangu.

Mamako alikaa na ule uvimbe karibu mwaka kabla hajanionyesha. Aliponionyesha ulikuwa kama kokwa ya embe. Hospitali ya hapa Kismayo walituandikia barua, tukapanda ndege hadi Nairobi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, na alinishika mkono tangu ilipoanza kukimbia mpaka ilipotua, akicheka kwa hofu. Kule tulipokewa na daktari mwanamke, kijana, mpole wa sauti. Nitamwita Daktari Nyambura ingawa jina lake silo. Alimpima mamako, akachukua kipande, akatuambia turudi baada ya siku kumi.

Siku ya majibu nilimwacha mamako kwenye benchi. Nikamwambia akae hapo, ndani kuna joto. Hakukuwa na joto lolote. Niliingia peke yangu.

Daktari akauliza, “Mama yuko wapi?”

“Niambie mimi. Mimi ndiye mume.”

Hakutaka. Tulivutana sana. Nikamdanganya kwamba mamako hasikii vizuri Kiswahili cha Nairobi, ni mtu wa kisiwani, lazima nimfasirie. Mwisho akaniambia kwamba ni saratani, imefika kwapani, lakini haijasambaa mbali. Matibabu yapo. Akaongeza kwamba pia kuna utafiti unaendelea pale hospitalini, kwa wanawake wenye hali kama yake, na akipenda anaweza kuulizwa kama angependa kushiriki. Akatoa fomu ya ridhaa, kurasa nyingi zilizobanwa pembeni.

Nikamwambia, “Lete nitie sahihi.”

“Hapana, Mzee. Sahihi si yako. Ni yeye asome, aulize, aamue. Na hawezi kuamua kama hajui anaumwa nini.”

“Mkimwambia atakufa kabla ya dawa.”

“Umemuuliza kama anataka kujua?”

Zaitun, swali hilo lilikuwa jepesi sana. Sikulijibu. Nilipandwa na hasira badala yake. Nikamwambia sisi tumetoka mbali, tumekimbia vita tukiwa watoto, tumelala kambini, tumehesabiwa na kuandikwa na kila mwenye kalamu, na sasa wanataka kutufanya panya wa kujaribia dawa. Nilisema kwa sauti. Yule daktari hakupandisha yake. Akasema, “Mnaweza kuukataa utafiti leo hii na mama akatibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Hakuna atakayemnyima kitu.” Nilimsikia. Nimejaribu kujidanganya kwamba sikumsikia, lakini nilimsikia. Ila hata hayo matibabu ya kawaida yasingewezekana bila mamako kuambiwa, na hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia. Utafiti ulinipa kisingizio cha kusimama na kuondoka.

Nikachukua fomu, nikaikunja mara tatu, nikaitia mfukoni mwa kanzu. Nikatoka. Mamako akaniangalia.

“Wasemaje, Baba Zaitun?”

“Uvimbe wa maziwa,” nikasema. “Hutokea. Dawa zake ziko hata Kismayo.”

“Alhamdulillahi,” akasema. Akainuka, akajifunga mtandio vizuri, tukaenda.

Ningeweza kukwambia kwamba nilifanya vile kwa mapenzi, na si uongo. Lakini nimekaa na jambo hili miaka mingi, na najua kulikuwa na kingine. Sikuweza kuukabili uso wake akiambiwa. Niliogopa kwamba akilia sitajua nifanye nini na mikono yangu. Nilijinusuru mimi, nikaita huruma.

Tuliporudi nilimnunulia vidonge vya maumivu. Wewe nilikwambia mamako ana homa ya mifupa. Ukawa unamkanda miguu jioni, miskini, unamkanda pasipouma.

Baada ya miezi, mkono wake wa kushoto ulianza kuvimba. Unakumbuka kwamba hakuwa akivaa tena yale madera yake ya zamani? Alikuja hapa dukani siku moja mchana, akasimama pale unaposimama wewe ukiniletea chai, akanipa dera lake la kijani.

“Mkono umenibana. Nifungulie kidogo.”

Nilifumua mshono wa kwapani, nikatia kipande cha kitambaa, nikashona tena. Baada ya wiki chache akalirudisha. Nikafumua, nikatia kipande kikubwa zaidi. Mara ya tatu nilishona mkono mpya kabisa, mpana kuliko wa kulia, na nilipomvisha kupima nilipiga magoti nikajifanya naangalia pindo, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka. Alisimama tu. Nikahisi kiganja chake juu ya kofia yangu, kimetulia hapo kwa muda, kisha akakiondoa. Nilidhani ananishukuru kwa kazi.

Akaomba apelekwe Koyama kwa mamake. Hukwenda naye kwa sababu ya mitihani, na hilo nalo nililiamua mimi, nilikwambia atarudi. Niliwahi kukaa naye siku tisa za mwisho. Siku ya tano au ya sita, asubuhi, bibi yako alikuwa ametoka kuchota maji, nikawa namlisha uji. Akasukuma kijiko.

“Baba Zaitun, mimi najua.”

“Unajua nini?”

“Najua tangu Nairobi. Pale kwenye benchi palikuwa na mwanamke ana kilemba, kichwa kimenyonyoka nywele. Akaniuliza, nawe umeanza dawa? Nikamwuliza, dawa ya nini? Akaniambia pale ni pa kina nani. Halafu ukatoka wewe, ukaniambia uvimbe wa maziwa.”

Nilibaki na kijiko mkononi.

“Na karatasi niliiona,” akasema. “Nilikuwa nafua kanzu yako. Nimeisoma yote. Siku tatu nimeisoma, ukienda msikitini.”

Mamako alisoma shule, unajua, na alisoma vizuri. Ile fomu ilikuwa na Kiswahili upande mmoja. Mimi niliyejidai mfasiri sikuwa nimeisoma hata ukurasa.

“Mbona hukuniambia?” nikamwuliza.

“Nalikuona unavyohangaika kunificha. Nikakuonea huruma.”

Nikamwuliza kama angetia sahihi. Alifikiri. Alichukua muda mrefu kulifikiri, kama vile bado ana nafasi ya kuamua.

“Sijui,” akasema. “Huenda ningeogopa. Huenda ningesema hapana, nikachukua dawa za kawaida tu. Lakini ningependa kuulizwa.” Akafumba macho. Nikadhani amelala, kumbe hajamaliza. “Si dawa tu. Nalitaka mchu wa kuogopa naye.”

Hayo ndiyo maneno yake, Zaitun, kwa Kibajuni chake hivyo hivyo. Alitaka mtu wa kuogopa naye. Tangu Nairobi tulikaa nyumba moja karibu mwaka mzima, tukala sahani moja, na kila mmoja akaogopa peke yake upande wake wa kitanda. Siku tatu baadaye alifariki.

Sijui kama angeishi. Usije ukadhani nakwambia kwamba ile fomu ilikuwa uzima na mimi niliukunja. Huenda angeangukia kundi la dawa mpya, isimsaidie. Huenda matibabu ya kawaida yangemwongezea miaka, huenda miezi. Hilo sitalijua mpaka niende kaburini. Ninalolijua ni kwamba niliamua juu ya mwili usiokuwa wangu, na yeye akanisitiri.

Baada ya matanga niliisoma fomu. Ilinichukua siku nyingi, kwa sababu kila nikifika pale palipoandikwa kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu, na asinyimwe matibabu, nilikuwa naifunga. Lakini niliimaliza. Kwa hiyo siku ile uliponieleza, nusu ya maneno nilikuwa nayajua. Nilikuacha ueleze kwa sababu nilipenda kukusikia. Nilitaka kukwambia nimesoma, nikaona haya.

Kuna mambo mawili matatu niliyoyapata humo na katika kuyatafakari, nitakuachia, uyatumie au uyatupe.

Wewe hupendi kuonekana dhaifu. Ulipokuwa darasa la tano ulivunjika kidole ukakaa nacho siku mbili, ukiandika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa hukutaka kukosa mashindano ya hesabu. Huko unakokwenda, ukipata homa usiifiche kwa kuogopa kwamba watakutoa kwenye utafiti. Waambie siku hiyo hiyo. Ukitapika waambie, ukihisi ganzi vidoleni waambie, hata kama yule muuguzi anaonekana amechoka. Wanaandika kila kitu si kwa ajili yako tu. Kuna mwanamke mahali asiyekujua, atapewa dawa ile au hatapewa, kwa sababu ya kilichoandikwa kukuhusu. Ukificha wewe, anaumia yeye.

Halafu, huenda wakikupima tena wakasema hufai kuingia. Damu ikiwa hivi, au moyo ukiwa vile. Khadija hataki kulisema hilo na mimi nimemwona akilikwepa. Linawezekana. Ikiwa hivyo, usirudi nyumbani kwa hasira kama nilivyorudi mimi. Kaa, wakutibu kwa dawa za kawaida. Mimi nilidhani ni mlango mmoja, nikaondoka.

Na ukiamua kujitoa, jitoe. Usibaki kwa ajili yangu wala kwa ajili ya mamako. Usiende kutia sahihi ambayo yeye hakupata kuitia. Hiyo ni yake, ilipita naye. Yako ni yako.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nikae na kalamu.

Juzi nilikwenda sokoni kwa yule mzee anayeuza mizizi na majani. Sikukwambia. Nilimweleza, akanisikiliza, akaniambia, “Walaal, ndugu yangu, hii inasafisha damu yote. Anywe asubuhi na jioni. Lakini asiwaambie madaktari, hawapendi dawa zetu.” Akanipa chupa ya maji meusi. Jana ulipokuwa shuleni ukiwaaga wanafunzi wako, nilifungua begi lako nikaitia katikati ya taulo, na karatasi ndogo: Kunywa, usimwambie mtu.

Mimi, Zaitun. Baada ya yote niliyokuandikia hapo juu.

Jana jioni nilijisifu moyoni kwamba nimekufanyia kitu. Leo asubuhi, mlipotoka kwenda kwenye boti, uligeuka ukaniambia, “Baba, begi langu liko wazi, nifungie zipu, nimeshamaliza kupanga.” Hukuniangalia hata kunichunguza. Umeniachia begi lako wazi. Nilisimama pale chumbani kwako nikaona kwamba nimeshafanya tena. Hujaondoka, hujameza kidonge kimoja, na mimi nimeshakutilia siri mwilini. Ungeinywa, huenda ingepigana na dawa zao. Ini lako lingechafuka, nao wangedhani ni dawa mpya, na wale wanawake wengine wote wangeguswa na chupa niliyoinunua mimi sokoni kwa sababu siwezi kukaa na hofu yangu.

Nimeitoa. Iko hapa mezani mbele yangu, karibu na mkasi. Sijaimwaga. Ningeimwaga usingejua kwamba ilikuwepo, na hilo lingekuwa siri nyingine juu ya ile. Nitakuonyesha utakapoingia.

Najua kwenye fomu yako umeandika Khadija kuwa ndiye wa kupigiwa simu. Niliiona ulipoiacha juu ya meza. Sikuipekua, ilikuwa wazi. Sikuombi ubadilishe. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo. Sitampigia Khadija kumhoji nyuma yako. Ukinipigia, nitasikiliza mpaka umalize. Sitakuuliza kama utapona. Ukiwa huna la kusema, tutanyamaza wote, salio likiisha limeisha. Na ukitaka kulia, lia. Mikono yangu bado haijui la kufanya, lakini nitabaki hapo hapo kwenye simu.

Nasikia lango. Naacha hapa.

Naendelea. Umekwenda kuoga, Khadija amekwenda kwake. Haya yaliyotokea unayajua, lakini nayaandika kwa sababu nataka yawe kwenye karatasi moja na yale mengine, yasijitenge.

Uliingia na mchanga wa Koyama miguuni, ukasema bibi anakusalimu. Nikakwambia, “Kaa.” Nikakuonyesha chupa. Nikakwambia niliitia lini, wapi, na maneno niliyoandika kwenye kile kikaratasi. Sikupunguza. Uso wako ukabadilika, na nikaona jinsi inavyokuwa vigumu kuacha uso ubadilike bila kuufuata na maneno.

“Nani alikwambia unisaidie kwa kunificha?” ukauliza.

“Hakuna.”

“Ungeniuliza ningekataa.”

“Najua. Ndiyo maana sikuuliza.”

Ulifungua kizibo, ukainusa, ukakunja uso. Ukaenda nayo nyuma, nikasikia ikimiminika kwenye karo. Uliporudi macho yako yalikuwa mekundu, na sikujua ni hasira au ni nini. Ukakaa kwenye kiti cha wateja. Sikuwasha redio.

“Baba,” ukasema, “unaogopa?”

“Sana.”

“Hukuwahi kusema.”

“Sikuwahi.”

Ukaniambia kwamba kaburini hukuweza kumwambia mamako chochote. Ulikuwa umepanga maneno tangu juzi, ukafika, ukabaki kung’oa majani tu. Khadija akakuuliza kama umeshaomba dua, ukasema ndiyo, hukuwa umeomba. Nilitaka kukwambia kwamba haidhuru, kwamba Mungu anajua. Nikajizuia. Nikakwambia tu kwamba nimekusikia.

Ulipoinuka kwenda kuoga ulisimama mlangoni umenipa mgongo.

“Kesho ndege ni saa nne. Utakuja uwanjani?”

“Ulisema nisije.”

“Nairobi nilisema usije. Uwanja wa ndege sikusema.”

Basi nitakuja. Karatasi hii nitakupa mkononi, si begini, na ukitaka kuichana utaichana mbele yangu. Nitasimama nje ya uzio mpaka ndege ipotee. Kisha nitarudi hapa nimalizie sare za watu, na nyumba itakuwa kimya kuliko leo. Nitaogopa, Zaitun, kutwa nzima nitaogopa. Ukinipigia ukaniuliza habari zangu, hivyo ndivyo nitakavyokwambia.

Babako,
Athmani